Pua Kumi na Sita: Mama Satuka Anatuachia Chumba cha Vichanga

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Mama Saturnina Chuquimia, ambaye soko zima linamwita Mama Satuka, anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Watoto ya Soko la Villa Retama, hapa El Alto, kwa miaka ishirini na tisa, miezi mitatu na siku ishirini na mbili. Aliingia Jumatatu, tarehe 6 Machi 1995, akiwa mlezi wa chumba cha vichanga, daraja la tatu. Anatoka akiwa mlezi wa chumba cha vichanga, daraja la tatu. Msomaji asidhani nimekosea kuandika. Jambo hilo nitalifikia.

Kwanza hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Kwa mujibu wa rejista, ambazo zote ziko kabatini kwangu isipokuwa ile ya mwaka 1997 iliyoliwa na panya, Mama Satuka amefanya kazi siku 6,904. Amekosekana kazini siku 23: nne alipomzika mama yake, saba kwa homa, na kumi na mbili alipoteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi ya nyuma ambayo Bodi iliahidi kuitengeneza mwaka 1999 na bado inaahidi. Watoto 1,104 wamepita mikononi mwake, wote walio chini ya mwaka mmoja. Ukichukua wastani wa watoto kumi na watatu kwa siku, amesimamia usingizi wa mchana karibu elfu tisini. Watoto waliolala katika chumba chake wasiamke: hakuna hata mmoja.

Mwenyewe hapendi nikiisema hesabu hiyo ya mwisho. Anasema bahati nayo ilikuwa na zamu yake. Sawa, lakini bahati haikuwa ikifika saa moja asubuhi kila siku ikiwa imefunga aproni.

Watu wanadhani kulinda watoto waliolala ni kazi ya kukaa. Mjumbe mmoja wa Bodi aliwahi kuuliza, mbele yangu na mbele yake, akiwa na kikombe cha api, uji mtamu wa mahindi, mkononi: "Na hawa wakishalala, huyu mama anafanya nini?"

"Wakilala ndipo kazi inapoanza, bwana," alijibu Mama Satuka bila kugeuka. "Wakiwa macho wanajisemea wenyewe."

Alipoanza kazi, watoto walilazwa ubavu, na nyuma yao likawekwa blanketi lililoviringishwa ili wasianguke. Kila bibi alikuwa na mafundisho yake na kila mama mkwe ya kwake. Mwaka 1998 muuguzi wa kituo cha afya alikuja na maelekezo mapya: mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu kidogo, na karibu na uso wake pasiwe na kitu chochote. Mlangoni palizuka zogo. "Chali atapaliwa na maziwa!" alisema mmoja. "Kwani wangu amekufa, alazwe kama maiti?" alisema mwingine. Mama Satuka mwenyewe hakuamini. Alimkalisha muuguzi yule kwenye benchi saa nzima na kumhoji kama hakimu, na aliporidhika akasimama upande wake, na hakutoka hapo tena. Siku ileile alitoa vitandani mito yote, midoli yote ya sufu, na mablanketi mazito yote.

Likabaki suala la baridi. Hapa kwetu, mwezi Juni, huwezi kumwambia mama amfunue mtoto. Mama Satuka alichukua mifuko ya kitambaa ya unga kutoka kwa waoka mikate, akaifua mara tatu, akaitia bitana ya sweta kuukuu, na kushona vifuko vya kulalia: mikono nje, miguu ndani, na hakuna kitambaa kinachoweza kupanda usoni. Akina mama walicheka mpaka wakashika kofia zao.

"Satuka, umetutilia watoto kwenye magunia kama viazi!"

"Viazi vyenu mnavilinda vizuri, nami nimewaiga."

Mpaka mwezi uliopita alikuwa ameshona vifuko 143, vyote kwa sindano yake. Mchango wa Bodi ulikuwa kidonge kimoja cha uzi, mweusi.

Kisha kuna mishipi. Sisi sote tuliokulia huku tulifungwa mshipi. Mtoto anaviringishwa nguo, kisha anafungwa mshipi wa kusuka kuanzia mabegani mpaka miguuni, ili anyooke na alale bila kushtuka. Mama Satuka hakuwahi kuidharau desturi hiyo. Mama yake alikuwa msusi wa mishipi na yeye anajua majina ya nakshi zake zote. Lakini aliweka sheria moja: siku mtoto anapoonyesha dalili ya kwanza ya kutaka kujipindua, mshipi hauingii naye kitandani. Alieleza kwa maneno machache, maana asubuhi foleni ni ndefu: "Aliyefungwa akijikuta kifudifudi, atajiinua kwa mkono gani?" Mlangoni alimpapasa kila mtoto kutoka begani mpaka gotini. Akiukuta mshipi aliufungua, akauviringisha, na kuutundika kwenye msumari ulioandikwa jina la mtoto. Jioni mama anauchukua, na nyumbani kwake ni juu yake, ingawa Jumapili Mama Satuka alipita nyumba hadi nyumba akisema anatafuta maharage mabichi ya kununua. Kila mtu alijua kuwa anakuja kuangalia mtoto analala wapi.

Mtoto akiwa na miezi minne hadi sita hivi, kila mzazi huja na sura ileile. Nimeiona mara mamia, kwa kuwa meza yangu iko karibu na mlango. Amemlaza mtoto chali, ameamka, amemkuta kifudifudi, na moyo umemwenda mbio. Anamgeuza. Mtoto anajipindua tena. Baba mmoja fundi ujenzi alikuja macho mekundu akapendekeza amlaze mwanawe katikati ya vipande viwili vya sponji, asiweze kwenda kokote.

"Na wewe usiku wa leo ulale katikati ya matofali mawili," Mama Satuka alimwambia, "kesho uje unisimulie."

Kisha alimkalisha na kumfundisha, kama alivyowafundisha wote. Mlaze chali kila mara. Akiwa macho, mweke kifudifudi juu ya kitambaa sakafuni, juani, ukiwa pembeni yake, shingo na mikono vipate nguvu. Kama anajua kwenda tu, yaani kujipindua kifudifudi, na hajajua kurudi chali, mgeuze polepole bila kumwamsha. Siku akijua kwenda na kurudi mwenyewe, mlaze chali kama kawaida, kisha mwache alale atakavyojiweka. Na kitandani pasiwe na kitu: sponji, mto, mdoli, hata sanamu ya mtakatifu. "Mtakatifu ataona vizuri tu akiwa ukutani," alisema.

Jambo la mwisho katika ufundi wake ni hili, nami nalieleza kwa kuwa ndilo lililobeba kila kitu kilichofuata. Kila baada ya dakika tano alipita kati ya vitanda akihesabu pua. Walezi wengine huhesabu vichwa. Yeye alisema kichwa utakiona hata kwa mtoto aliye taabani, lakini pua ukiiona ujue njia ya hewa iko wazi. Kama watoto ni kumi na watatu, alitaka pua kumi na tatu, na akipungukiwa na moja hakuendelea na jambo lingine.

Sasa naja kwenye lile nililoahidi.

Mwanzoni mwa mwezi Mei, Bodi ilichapa cheti cha utumishi cha Mama Satuka ili asomewe siku ya kuagwa. Kilikuja mezani kwangu nikigonge muhuri. Kilisema: "Utumishi: wa kuridhisha. Maonyo: 1." Maneno yote ya miaka ishirini na tisa yalikuwa hayo. Na kwa sababu ya hilo "1", kwa kanuni za Bodi yetu, mtumishi hapandi daraja. Alinyimwa daraja la pili mwaka 2012, akanyimwa tena 2016 na 2020. Wageni wangelisikia neno hilo ukumbini na kujiuliza huyu mama alimfanya nini mtoto wa watu. Jina lake ndilo lililokuwa linaondoka na cheti hicho. Kwa hiyo naeleza onyo lilitoka wapi. Nilikuwepo.

Mwaka 2011 tulikuwa na mtoto anayeitwa Adalid. Mama yake, Nieves Quisbert, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, muuza chuño, viazi vilivyokaushwa kwa baridi, katika safu ya nne, na mumewe alikuwa Chile akichuma zabibu. Nieves alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza, msichana, akiwa na miezi mitatu. Alimlaza usingizini nyumbani kwake, na asubuhi mtoto hakuamka. Daktari hakupata sababu ya kumwambia. Nieves hakufanya kosa lolote, na hilo ndilo lililomtesa, maana hakujua safari hii aache kufanya nini.

Adalid alipofika miezi mitano alianza kujipindua. Nieves alimwona dirishani. Tangu hapo hakutulia. Saa ya kulala, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane, aliacha magunia yake na kuja kubandika uso kwenye kioo. Niliwahi kumhesabia mara tisa katika usingizi mmoja. Muuza jibini, jirani yake, alimpigia kelele safu nzima ikasikia: "Nieves, huyo ni mtoto au saa ya ukutani? Kila dakika unamwangalia!" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mama Satuka alitoka nje akamshika bega. "Binti yangu, anajipindua kwa sababu ana nguvu. Bado hajui kurudi, nami namgeuza. Tumpe wiki mbili tatu za mazoezi, atarudi mwenyewe."

"Na ukigeuka upande mwingine, mama?"

"Nikigeuka nina pua za kuhesabu."

Jibu hilo lingetosha kama tungekuwa na watu. Kanuni ya Bodi yenyewe inasema mlezi mmoja kwa vichanga sita. Mwezi Julai mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Ovidio Larrazábal, alimhamishia mlezi wa pili jikoni "kwa muda". Jumanne ya tarehe 9 Agosti, baada ya sikukuu, walikuja watoto kumi na sita. Mlezi mmoja, watoto kumi na sita. Wote walipokelewa kati ya saa moja na saa moja na dakika ishirini na tano, yaani dakika moja na nusu kwa kila mtoto, kuvua, kupapasa, kuandika na kumsikiliza mama yake.

Nieves alifika wa mwisho. Adalid alikuwa tayari ndani ya kifuko chake cha kulalia, sweta mbili juu, amesinzia. "Usimwamshe, mama, usiku hakulala," alisema, akamlaza mwenyewe kitandani. Mama Satuka alikuwa na mtoto mwingine begani na wa pili akilia miguuni. Hakumpapasa. Chini ya sweta zile palikuwa na mshipi, kutoka kifuani mpaka magotini, mikono ikiwa ndani, umekazwa kwa nguvu zote za mama aliyeogopa.

Adalid alilala, akaamka, akanyonyeshwa chupa akiwa mikononi mwa mama yake aliyekuja saa nne na kusema atamshughulikia yeye. Saa sita na nusu akalazwa tena, chali. Saa saba kasoro dakika kumi Mama Satuka alikuwa akibadilisha nepi kwenye meza ya ukutani. Alimaliza, akageuka, akahesabu. Kumi na tano. Hakuhesabu mara ya pili. Nilisikia tu viatu vyake.

Mtoto alikuwa amejisukuma kwa miguu akapinduka pamoja na mshipi wake kama gogo, na uso ulikuwa umetazama godoro moja kwa moja. Hakuwa na mkono wa kujiinulia wala nafasi ya kugeuza shingo. Nilipofika mlangoni Mama Satuka alikuwa amempakata mapajani, midomo ya mtoto ina rangi ambayo sitaki kuieleza hapa, naye anafungua mshipi raundi kwa raundi huku akimsugua mgongo na kumwita jina lake, "Adalid, Adalid, baba, njoo." Kisha mtoto akavuta pumzi, na kilio alichotoa kilisikika mpaka safu ya nne. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile.

Nieves alikuwa tayari dirishani. Alikuwa njiani kuja kuangalia, kama kawaida yake. Aliingia, akauona mshipi sakafuni, akakaa chini palepale na sketi zake zote.

"Nilimfunga ili asijipindue," alisema. "Mama Satuka, nilimfunga ili asijipindue."

"Najua, mwanangu. Mshike kwanza. Mshike, ana joto, anakutaka wewe."

Muuguzi alikuja, akampima, akasema mapafu ni mazima. Lakini siku ya tatu tuliitwa ofisini, sisi watatu. Mimi niliamriwa kuandika ripoti. Bwana Larrazábal alikuwa na kanuni mbili mbele yake. Mzazi aliyeficha mshipi, mtoto wake anafutwa. Mlezi asiyempapasa mtoto, anapewa onyo. Orodha ya kusubiri ilikuwa na watoto arobaini na mmoja, na kufutwa kulimaanisha Adalid kurudi mgongoni sokoni katika upepo wa Agosti, au kufungiwa chumbani peke yake kama wengine wanavyofanya na hawasemi.

"Ripoti itataja mshipi au itataja ukaguzi ambao haukufanywa?" aliuliza. "Itataja kimoja tu."

Nieves alifungua mdomo. Mama Satuka akamwekea mkono juu ya goti. "Nyamaza, binti yangu. Bwana, andika mimi. Mtoto sikumpapasa, na huo ni ukweli."

Ulikuwa ukweli, ila haukuwa wote. Mimi niliyejifunza hesabu kwa kubeba magunia ya wenzangu mgongoni niliandika aya ya tatu: mlezi mmoja, watoto kumi na sita, mlezi wa pili yuko jikoni. Bwana Larrazábal aliikata kwa kalamu nyekundu. Onyo lilitoka tarehe 17 Agosti na neno "uzembe" ndani yake. Siku ileile tulipotoka ofisini, Mama Satuka alikuwa ametuapisha. "Hili limekwisha. Nieves, wewe hujui kitu. Gualberto, na wewe hujui kitu. Nikisikia neno sokoni, nitajua ni nani kati ya wawili."

Sharti lake kwa Nieves lilikuwa moja: kila saa ya kulala aje akae kigodani ndani ya chumba, ahesabu pua pamoja naye. Muuza jibini, yuleyule wa mdomo, alijitolea kumwangalizia magunia bila kuombwa. Siku ya kwanza Nieves aliruka kutoka kigodani mara kumi na nne. Siku ya pili kumi na mbili. Baada ya usingizi, Mama Satuka alitandika kitambaa uani kwenye jua, akamweka Adalid kifudifudi, na Nieves akalala chini mbele yake, pua kwa pua, akimwimbia ili ainue kichwa. Wanunuzi waliopita walidhani mama amezimia. Siku ya sita Nieves mwenyewe alilala kigodani, kichwa ukutani, mdomo wazi, baada ya miezi ya kutolala nyumbani. Adalid alijipindua. Mama Satuka alimgeuza, akamfunika Nieves shali, akaendelea kuhesabu, safari hiyo pua kumi na saba.

Siku ya tisa nilikuwa mezani kwangu niliposikia ukelele. Niliangusha rejista. Niliamini ni lile tena, nikakimbia.

"Amerudi! Mama Satuka, amerudi mwenyewe! Alikwenda na amerudi!"

Adalid alikuwa chali, amefumbua macho, anashangaa kelele ni za nini. Watoto wengine wote waliamka wakalia kwa pamoja. Mama Satuka, ambaye kwa kuamshiwa mtoto mmoja angekufukuza na ufagio, alisimama katikati ya kwaya ile akicheka na kujifuta macho kwa aproni. Kesho yake Adalid alikwenda na kurudi mara tatu. Siku ya kumi na moja alikwenda, akageuza uso upande, akalala hivyo hivyo. Nieves alimtazama, akatutazama, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliinuka, akaenda kuuza chuño.

Onyo lilibaki. Niliandika barua liondolewe mwaka 2014, sikujibiwa. Niliandika 2018, nikajibiwa kuwa linashughulikiwa. Niliandika 2021, wakaniambia faili halionekani. Faili liko kabatini kwangu, rafu ya pili. Nieves hakujua lolote la hayo. Alidhani jambo lilikufa siku ileile, na mimi nilikuwa nimefungwa na kiapo.

Kwa hiyo mwezi Mei, cheti kile kilipokuja, nilikaa nacho siku mbili. Siku ya tatu nilivunja kiapo cha miaka karibu kumi na mitatu. Nilikwenda safu ya nne, nikaweka cheti juu ya gunia, nikaweka kidole kwenye ile "1". Sijutii. Mama Satuka alipojua hakusema nami siku mbili, na alichosema siku ya tatu kilikuwa, "Gualberto, mdomo wako ni gunia lililotoboka chini."

Tarehe 10 Juni, kwenye mkutano mkuu wa wauzaji, Nieves aliomba kusema. Mbele ya watu 221 alisema: "Mshipi niliufunga mimi. Niliuficha mimi. Yule mama alichukua kosa langu mwanangu asifutwe, na sikujua kwamba bado analibeba. Andikeni hilo." Kisha kutoka nyuma ikasikika sauti ya muuza jibini: "Na mimi niliyemcheka niandikeni pia!" Hapo watu wakapumua. Wajumbe 212 waliinua mikono kutaka onyo lifutwe, tisa hawakuinua, hakuna aliyepinga. Nilihesabu mara mbili.

Cheti kipya kilifika Jumatano. Kinasema: "Maonyo: hakuna." Daraja bado ni la tatu. Bodi inasema madaraja hayapandishwi kwa kurudi nyuma. Barua yangu ya nne nimeshaipeleka, na wanajua sistaafu mpaka 2031.

Mkutano uleule uliamua jambo jingine. Kuanzia tarehe 1 Julai chumba cha vichanga kitakuwa na walezi watatu wa kudumu, na atakayetaka kumhamishia mmoja jikoni itabidi aje aombe mbele ya wauzaji wote. Wapya wawili wameshafundishwa na Mama Satuka wiki mbili hizi. Wanahesabu pua mpaka za wageni wa ofisini. Na Adalid ana miaka kumi na mitatu, anapuliza tromboni katika bendi ya shule yake, na mama yake anasema mpaka leo analala kifudifudi, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda, na yeye akipita hamgeuzi.

Mama Satuka, kwa niaba ya wenzako, ya wazazi wa safu zote tisa, na ya watoto 1,104 ambao wengi wao hawakukumbuki maana walikuwa wamelala, tunakushukuru. Miaka yote hiyo, saa sita na nusu ya mchana ilipofika, sisi wengine tulisinzia juu ya meza zetu na wewe ulikuwa umesimama. Kuanzia Jumatatu, saa hiyo ikifika, vua viatu, vuta pazia, ulale. Lala chali, lala ubavu, lala kifudifudi ukipenda. Hakuna mtu wa kumhesabu, na wote uliowalaza wameamka.

Imeandikwa na Gualberto Ticona, mtunza rejista na ghala.